Kibendera Hakina Kinyongo

Jumatatu, 4 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako haipatikani tangu Jumamosi, na hata ingepatikana nisingekupigia kutoka hapa. Kati ya meza yangu na ya Katibu kuna ukuta wa mbao nyembamba. Mtu akikohoa upande ule, sisi wa upande huu tunamwambia pole.

Nimekuona. Sote tumekuona. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ripoti za waamuzi hazijaanza kuingia, Katibu huagiza runinga ya chumba cha mikutano iwashwe ili watumishi wa ofisi ya ligi tutazame mabao ya wiki. Bao lako lilikuwa zuri. Naomba nianze na hilo kwa kuwa hakuna mwingine aliyelisema. Ulimwacha beki amekaa chini kama anayesubiri kuletewa chai. Kisha ukakimbilia kona, ukakipa mkono kile kibendera, ukakiinamia, ukakikumbatia, ukakinong'oneza. Jukwaa zima la wenyeji liko pale, nawe umelipa mgongo, unapiga soga na kijiti.

Mhasibu akasema, "Huyu anajishangilia kama jogoo aliyetaga." Watu wakacheka mpaka mhudumu wa chai akaja kuuliza kuna nini. Dereva wa ofisi akamjibu, "Tumepata shemeji, mama. Ni mwembamba lakini anasimama wima." Tangu saa hiyo hawakuiti kwa jina lako. Wanakuita Bwana Harusi.

Nilicheka nao. Nakuambia mwenyewe ili usije ukalisikia kwa mwingine, ingawa sijui ni nani angekuambia, maana hapa hakuna ajuaye kwamba mimi na wewe tumenyonya ziwa moja. Baba zetu ni wawili, majina yetu hayafanani, na siku niliyoajiriwa hakuna aliyeniuliza. Niliona heri ninyamaze. Sikutaka waseme nimepata kazi kwa mgongo wako, au kwamba bao lako limekubaliwa kwa mgongo wangu.

Jana jioni mtangazaji wa redio alipokea simu za wasikilizaji. Mmoja alisema una dharau. Mwingine alisema mchezaji hulipwa kufunga, si kuigiza. Mwalimu mmoja mstaafu alisema, kwa upole kabisa, kwamba furaha si kosa ila nayo ina adabu zake. Huyo nilitamani kumsikiliza zaidi, lakini walimkatiza kwa tangazo la sabuni.

Kaka, mashabiki walirusha chupa uwanjani, na mwamuzi ameandika kwamba wewe ndiye uliyewachokoza. Ripoti yake imefika mezani kwangu. Kamati ya nidhamu itakuita, na mwandishi wa kumbukumbu za kamati hiyo ni mimi.

Kwa nini unafanya vile? Wewe si mtu wa majivuno. Nyumbani ulikuwa ukinishinda karata unaniambia nimepangiwa vibaya.

Ukijibu, tuma kwenye anwani ya chumba changu. Usitume ofisini.

Ni mimi, unayenijua.


Jumapili, 10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Barua yako imefika ikiwa na gundi ya kutosha kuziba mtumbwi. Nani alikuambia kuna mtu anafungua barua za wachezaji? Wenzangu hawafungui hata za kwao.

Simu sijaipoteza. Nimetoa laini nikaiweka ndani ya soksi. Nikiiwasha inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Matusi yanaingia kwa zamu, mengine yana picha. Kuna bwana mmoja hunitukana kila siku saa ya chakula cha mchana. Nadhani ana kazi ya kudumu, maana wikiendi hapatikani.

Kuhusu kibendera, ni utani tu. Kibendera hakina kinyongo. Ukikipa mkono hakitazami pembeni, wala hakiulizi umetokea timu gani. Hao mashabiki wamekasirika kwa sababu wamefungwa, na mtu aliyefungwa hata ukimwambia pole anasikia tusi. Ningekaa chini nikalia wangesema nawacheka kwa machozi.

Unataka kujua nakaaje. Hosteli ina korido ndefu na milango inayojifunga yenyewe. Chumba changu kina vitanda viwili. Kimoja nalala mimi, kingine linalala begi. Nilikuwa na mwenzangu, winga wa kushoto, akahamia kwa wenzake watatu, wanabanana kama viazi. Alisema humu mna baridi. Kweli mna baridi. Kocha ananipenda kwa sababu nafunga, na mtunza vifaa ananipenda kwa sababu soksi zangu nazigeuza kabla ya kumpa azifue. Basi nina wapenzi wawili, si haba kwa mgeni.

Ofisini kwenu endelea kunicheka. Ukinyamaza ghafla watajua. Na mama akikuuliza, mwambie nimenenepa.

Kaka yako,
Bwana Harusi


Alhamisi, 14 Machi

Kaka yangu,

Nimecheka, kisha nikaingiwa na hofu. Shauri lako limepangwa tarehe 11 Aprili. Katibu alisimama mlangoni kwangu akasema, "Huyu kijana tumfanye mfano, ili wengine wajue uwanja si jukwaa la vichekesho." Nilimjibu, "Ndiyo, bwana." Sijui kwa nini nilijibu. Hakuwa ameniuliza.

Nimesoma kanuni kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata zile zinazohusu urefu wa nyasi. Hazikatazi kushangilia. Zinakataza kushangilia kunakoweza kutafsiriwa kuwa ni dhihaka. Ubaya ni kwamba kila kitu chaweza kutafsiriwa. Ukicheza, umekejeli. Ukiweka kidole mdomoni, umewafunga watu midomo. Ukipiga magoti, yuko atakayesema unajifanya mcha Mungu. Nimefikiri sana, na nimeona njia moja tu isiyo na tafsiri, nayo ni kutofanya lolote.

Kwa hiyo nakuomba, na wajua mimi si mwombaji. Kabla ya kikao una mechi mbili. Ukifunga, geuka, urudi katikati ya uwanja. Mikono iwe chini. Usitabasamu kupita kiasi. Nami ripoti za mechi hizo nitaziweka juu kabisa ya jalada lako, ili wajumbe wakilifungua tu waone kwamba umejirekebisha. Wenzangu humu ndani wana ulimi. Mimi nina pini za kubania karatasi, na nitakusaidia kwa hizo hizo.

Usidhani nimejiunga nao. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nami niko mbali sana nawe ingawa jalada lako nalishika kila siku.

Ni mimi.


Jumanne, 19 Machi

Mdogo wangu,

Nimesikia. Wewe ndiye uliyesoma, na mbele ya msomi mpiga chenga hana neno. Nikifunga nitarudi katikati kama mtu aliyesahau funguo nyumbani.

Ila siku hiyo ukiniona, usinitazame sana.

Kaka yako


Jumatatu, 25 Machi

Kaka yangu,

Nilikutazama sana. Nisamehe.

Mpira ulipoingia wavuni uligeuka kama nilivyokuelekeza. Mikono ilikuwa chini. Kamera kwanza ilikufuata wewe, halafu ikarudi nyuma kuonyesha uwanja wote, na hapo ndipo tulipowaona wenzako. Walikuwa wamemrukia aliyekupa pasi. Walianguka naye kwenye nyasi, wakabingirishana, kipa wenu akapiga makofi kutoka golini. Nawe ukapita kando yao. Ulipita karibu kiasi kwamba ungeweza kumkanyaga mtu vidole. Hakuna aliyeinua kichwa. Ukaenda ukasimama peke yako ndani ya duara la katikati, ukaanza kukaza kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimelegea. Nilijua hazikulegea kwa sababu mimi ndiye uliyenifundisha kufunga fundo lile.

Katika chumba cha mikutano watu waliisogelea runinga. Mhasibu akasema taratibu, "Kumbe hana mtu." Kwa muda mfupi nilidhani watakuhurumia. Kisha dereva akasema, "Na mke mwenyewe kamwacha," wakacheka tena, na safari hii ilikuwa vibaya zaidi kwa sababu hata wao hawakufurahia.

Magazeti nadhani umeyaona, na kama hujayaona usiyatafute. Moja limechapa picha ya mgongo wako, limeandika juu yake: Hata Wenzake Hawamtaki. Jingine linasema umefunga bao kwa kiburi, umelifanya kama msiba, bora hata ungekumbatia kile kijiti. Ni mwandishi yule yule aliyetaka ufungiwe kwa kukikumbatia.

Nilidhani kibendera ndicho kosa. Kumbe kilikuwa pazia, na mimi ndiye niliyelivuta mbele za watu.

Tangu lini, kaka?

Mdogo wako


Ijumaa, 29 Machi

Mdogo wangu,

Tangu bao la kwanza.

Hapa kuna mshambuliaji wanamwita Babu. Si mzee, ni magoti tu yaliyomtangulia. Amefunga hapa miaka mingi, na wengi wa hawa vijana aliwafundisha hata namna ya kukata kucha za miguu ili kiatu kisiwaumize. Siku niliyofika kocha akamkalisha benchi, jezi yake nikapewa mimi. Sikuiomba. Lakini anayekuta kiti bado kina joto la mwenzake haulizwi kama alikiomba.

Nilipofunga mara ya kwanza, nilifungua mikono kama mtu anayeshuka kwenye basi la mbali. Nikawaona wanakuja mbio, wote, nyuso zinang'aa. Nikafumba macho kabisa, mdogo wangu, maana nilijua watanigonga kwa nguvu. Wakapita. Nilisikia upepo wao. Walikuwa wanaenda benchi kumkumbatia Babu.

Nikafumbua macho, mikono bado iko wazi. Uwanja umejaa. Mikono iliyo wazi mbele ya watu wote wale huwezi kuishusha hivi hivi. Ni sawa na kutangaza kwamba umebisha hodi nyumba isiyo yako. Kibendera kilikuwa karibu. Nikakipa mkono. Watu wakacheka. Nikaona afadhali nichekwe kwa utani wangu kuliko nihurumiwe kwa ukweli wangu. Wiki iliyofuata nikafanya tena, na baada ya hapo nilikuwa nakimbia kona kabla sijageuka kuona kama kuna anayekuja. Pengine siku moja alikuwepo wa kuja. Sitajua.

Wewe hujavuta pazia lolote. Lakini nakuomba, neno hili lisifike kwenye kamati. Nakula na watu hawa, naoga nao. Likisemwa nitakuwa mtoto aliyekwenda kushtaki. Acha wanione na majivuno. Majivuno yana adhabu yake, mtu akishaitumikia yamekwisha.

Klabu haitatuma mtu wa kunisindikiza tarehe 11. Meneja amesema mkokoteni wangu niuvute mwenyewe. Sina hofu na hilo. Nina swali moja tu, nalo linaniamsha alfajiri kuliko kengele ya mazoezi. Nikiingia katika chumba hicho nikakukuta umekaa, nikuiteje?

Kaka yako


Jumatano, 3 Aprili

Kaka,

Niite karani.

Kuna mjumbe mmoja mwenye mazoea ya kuuliza yasiyo kwenye ajenda. Tafadhali nielewe.

Barua hii ichane.

Karani


Ijumaa, 12 Aprili

Kaka yangu,

Sijalala vizuri, kwa hiyo nitaandika kwa mpangilio ili nisipotee.

Uliingia na shati la bluu ambalo mama aliligeuza kola. Uliwaamkia wajumbe mmoja mmoja kuanzia kwa Mwenyekiti, na ulipofika kwangu ukasema, "Hujambo, karani." Nikasema sijambo. Sauti yangu ilitoka safi kabisa, kama ya mtu anayetaja saa.

Mwenyekiti akakuuliza, "Kijana, kanuni inakuruhusu kuketi na mtu wako. Mbona kiti hiki kiko kitupu?"

"Sikuja na mtu, mzee."

"Huna ndugu katika mji huu?"

Hukunitazama. Ulitazama jagi la maji. "Sina, mzee."

Nikaandika: hana. Mwandiko ulitoka umenyooka, na hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa.

Walipokuuliza kwa nini unafanya yale, ukajibu kwamba ni utani na unaomba radhi. Ukatolewa nje. Mara tu mlango ulipofungwa, yule mjumbe mwenye maswali akasema ufungiwe msimu mzima. Katibu akaitikia kwa kichwa. Mwingine akasema vijana wa siku hizi hawakumbuki kwamba mpira ni mchezo wa watu kumi na mmoja. Nikawatazama wote, kaka, na nikaona wanakwenda kukumaliza kabla chai haijaja.

Nikainua mkono. Sijawahi kuinua mkono katika chumba kile. Hata mimi nilishangaa kuuona uko juu. Nilisema ninayo taarifa kutoka kwa mtu wa kuaminika: kwamba mchezaji huyu akifunga wenzake hawamwendei, na kwamba kile kibendera ni kwa kukosa mtu. Mwenyekiti alivua miwani. Akasema, "Basi hili si shauri la dharau. Ni shauri la upweke, na kanuni zetu hazina kifungu cha upweke."

Umepewa onyo tu. Onyo la maandishi, basi!

Halafu Mwenyekiti akaniagiza niandae pendekezo kwa klabu yenu, nikaliandika mwenyewe bila kusaidiwa: "Klabu ielekezwe kuhakikisha kwamba kila mfungaji anapongezwa na wachezaji wenzake wote waliomo uwanjani." Aliisifu lugha yake. Alisema ni fupi na haiachi mwanya. Katika miaka yangu hapa ni mara ya kwanza kusifiwa.

Najua ulinikataza. Lakini sikumtaja aliyeniambia, na jina langu haliko popote. Nadhani kwa mara moja nimefanya jambo la maana. Niambie kama nimekosea.

Mdogo wako


Jumatatu, 22 Aprili

Karani,

Agizo limefika. Meneja alitusomea baada ya mazoezi, tumepanga mstari, mimi katikati. Alipomaliza akauliza kama kuna asiyeelewa. Beki wa kati akainua mkono: "Tumkumbatie kwa muda gani?" Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepona.

Jumamosi nikafunga. Wakaja wote. Hata kipa alikuja, ametoka golini kwake akakimbia uwanja mzima akihema, kwa sababu agizo linasema wote waliomo uwanjani. Kweli lugha yako haiachi mwanya. Wakanizunguka, mikono begani, vifua mbali. Mmoja akaniambia sikioni, "Umetosheka, bosi, au tuongeze?" Kisha wakaachia kwa pamoja kama wapagazi wanaotua gunia. Magazeti yameandika kwamba timu imeungana. Yule bwana wa saa ya mchana hajanitukana siku mbili. Nimemkumbuka.

Kibendera nilikiona kwa mbali. Sikuweza hata kukisogelea.

Baada ya mechi Babu alibisha chumbani kwangu. Hajawahi. Akakaa kwenye kitanda cha begi, akalisukuma begi kidogo, akasema, "Mgeni, ungeniambia mimi." Nikaliweka begi sakafuni ili akae vizuri.  Akainuka, magoti yakalia, akaenda zake. Huyo ndiye aliyebaki, karani. Huyo ndiye ambaye pengine siku moja angenijia kwa miguu yake mibovu bila kutumwa. Sasa hata akija nitajuaje kama amekuja au ametekeleza?

Kwa onyo nashukuru. Msimu mzima nje ungenimaliza, na najua ulitetemeka kunitetea. Lakini hebu pima mwenyewe, wewe uliyesoma. Uliwaambia yangu yote isipokuwa moja. Siri niliyokuomba uitunze uliitoa mezani, na ile ambayo ilikuwa inakusubiri uitoe uliifunika kwa mkono. Sikuwa na haja ya pendekezo siku ile. Kiti kilikuwa kitupu kando yangu, nawe uko karibu nasikia unavyopumua.

Usiniandikie kwa sasa. Sina hasira. Nimechoka tu kupokea karatasi.

Kaka yako, ukipenda


Jumapili, 28 Aprili
Nje ya lango la wachezaji

Kaka yangu,

Uliniambia nisiandike. Naandika kwa sababu mlinzi hakuniruhusu kuingia, na karatasi hii ameniambia ataipeleka.

Ijumaa nilikwenda kwa Katibu. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema, "Mchezaji yule ni kaka yangu." Akauliza, "Tangu lini?" Nikasema, tangu nizaliwe. Sikukusudia mzaha, ndivyo nilivyoweza kujibu. Aliweka kalamu chini. Akaniuliza kama nilikuwa najua uzito wa kukaa katika kikao kile nikiwa ndugu, nikasema kwamba naujua kifungu chake kwa moyo. Akasema nirudi nyumbani mpaka nitakapoitwa. Wenzangu walikuwa wanasikia kupitia ule ukuta. Nilipotoka, mhasibu akasema, "Binti, na sisi tulivyomcheka!" Nikamwambia kwamba nilicheka pia. Sijui kama nitaitwa. Nilidhani ningeogopa zaidi ya hivi.

Leo nilikaa jukwaa la upande wa jua, katikati ya mashabiki wenu. Sikujua kwamba uwanja unanuka nyasi mbichi na kamba za nyavu. Kwenye runinga hauna harufu. Ulianza benchi. Walipokuingiza nilisimama, wa nyuma yangu wakaniambia nikae. Ulipokosa lile bao la wazi, jukwaa lote likawaka. "Bwana Harusi, rudi kwa mkeo!" Na mengine ambayo mama asingependa niyaandike.

Nikasimama tena nikapiga kelele, "Huyo ni kaka yangu!"

Sauti ilitoka nyembamba kama ya mluzi uliovunjika. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akageuka. "Kaka yako nani?"

"Huyo mnayemtukana. Tumbo moja."

Akanitazama juu mpaka chini. Nilijiandaa. Akasema, "Basi mwambie aache kutumia mguu wa kulia pale, kipa kamsoma." Akasogea, akanipa nafasi kwenye ubao wake. Hakuwa ameacha kukukasirikia. Alinisogelea tu ili tukasirike pamoja.

Nikaita tena, na tena, mpaka koo likakauka. Hukuinua uso hata mara moja. Nimekuelewa. Aliyejifunza kutosikia majukwaa hawezi kuchagua sauti moja ya kusikia.

Mechi ilipokwisha nikaja hapa langoni. Mlinzi akaniuliza, "Wewe ni nani kwake?" Nikasema mdogo wake. Akacheka: "Juzi alikuja binamu wa kipa, jana mchumba wa winga, wote hawajulikani." Nikamwapia. Hapo akaacha kucheka, akaniuliza swali ambalo kamati nzima haikuniuliza: "Niko hapa lango hili msimu wote. Kama ni ndugu yake, mbona sijawahi kukuona?"

Nikamwambia kweli hajawahi, nikamwomba apeleke barua.  Nadhani aliniamini, maana ndipo alipokubali kuchukua barua.

Sikuja kukuomba msamaha. Huo utanipa au utaninyima kwa wakati wako. Sikuja kukueleza namna ya kusimama wala ya kuweka mikono. Sina pendekezo. Nimekaa kwenye benchi la kinyozi, ng'ambo ya barabara, mkabala na lango. Kinyozi ameniuliza namsubiri nani, nikamwambia. Mteja wake amesema bao la leo hata bibi yake angefunga, nikamwambia amlete.

Wachezaji wenzako wameanza kutoka, wawili wawili, watatu watatu. Wewe bado. Ukitoka peke yako na usiwe tayari kuniona, pita tu, kaka, usione haya. Mimi nitasimama.

Hakuna aliyeniagiza.

Mdogo wako wa tumbo moja